Jibu: Medali ya babu aliyekuwa Keya, usiisafishe!

Mkuu, weka hilo kopo la Brasso, dawa ya kung'arishia shaba, chini, mengine tutaongea baadaye. Umeuliza medali ya babu yake mzee wako aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la kikoloni la Waingereza, ing'arishwe vipi kabla ya fremu, utepe ubadilishwe wapi, bei yake ni ngapi, na nani kwenye ukoo ana haki ya kukaa nayo. USIISAFISHE. Basi.

Hiyo ya kwenye picha yako ni ya 1914–1918: Mfalme George V upande mmoja, mpanda farasi upande wa pili. Ni fedha, upana milimita 36. Sasa acha kutazama sura, geuza utazame ukingo. Pale pamepigwa namba ya askari, cheo, jina na kikosi, K.A.R. Herufi hizo ni ndogo na hazina kina. Brasso ina unga wa kusagia na amonia. Haiishii kwenye weusi, inakwangua na fedha yenyewe. Zinatangulia kufutika pua na ndevu za mfalme, kisha ukingo, kwa sababu ndipo unapokamata na kusugua. Masalia ya dawa nayo yanaganda ndani ya herufi, meupe kama chokaa. Namba ikifutika hairudi, na bila namba umebakiwa na gramu 30 hivi za fedha zisizomtaja mtu yeyote. Mnunuzi ataitupa kwenye mizani tu. Msiniulize nimejuaje.

Na hawa masonara! "Lete nikupigie mashine dakika mbili, itakuwa mpya." Nani kakwambia tunataka mpya? Mashine yao inakula kuliko Brasso, na pesa unalipa wewe. Halafu kuna wataalamu wa limau na chumvi, kila uzi wa humu jukwaani hawakosekani. Chumvi ikibaki kwenye medali ya shaba, kwa unyevu wa Tanga au Mombasa, unaletewa unga wa kijani unaotafuna shaba yote. Limau peleka kwenye samaki.

Weusi wa fedha ni utando mwembamba wa salfa, hauna haraka na wewe. Vumbi litoe kwa brashi laini kavu. Kijani chenye mafuta kichokoe kwa kijiti cha meno cha mti, taratibu, usitumie sindano. Kabla ya hayo yote piga picha ukingo mzima, chumba kiwe na giza na tochi imulike kwa ubavu, herufi zitoe kivuli.

Utepe ni hariri, usifue, rangi ya chungwa ya katikati itavujia kwenye nyeupe. Mpya uwe wa milimita 32, sentimita 15 zinatosha. Wa zamani uweke kwenye bahasha ya karatasi.

Kwenye fremu shona kwa uzi wa pamba, usibandike kwa gundi, na uitundike mbali na dirisha. Mipira ya kufungia noti ina salfa, mifuko ya plastiki ya PVC inatoa asidi: vyote viondoe. Cheti chake cha kuachishwa jeshi kikipigwa laminesheni, ile plastiki haitoki tena bila kuchana karatasi, kwa hiyo wa stationery akikushawishi, kimbia.

Tupia picha ya ukingo hapa tusome namba.