Maswali na majibu: Mbona hadithi yangu haiitikiwi?

Tangu niseme hapa kwamba nami huandika hadithi za mashabiki, yaani zile za kuazima wahusika wa tamthilia au katuni ya mtu mwingine na kuwapa safari mpya, barua kutoka Mtwara na Lindi hazikatiki. Karibu zote zinalalamikia ukimya: mtu ameandika, ameweka mtandaoni, hakuna aliyesema neno. Nazijibu saba leo.

Nimeandika kwa Kiswahili hadithi ya sura tisa kuhusu wahusika wa katuni ya Kijapani. Miezi miwili, komenti tatu. Mwenzangu ameandika kwa Kiingereza kuhusu wahusika hao hao, ana zaidi ya mia. Je, sijui kuandika? (Mikindani)

Komenti hizo hazijaanza kupima uandishi wako. Zimepima uwanja uliosimama. Chukua ming'oko. Hapa Mtwara ukitembeza beseni, hakuna anayeuliza ni kitu gani. Watu wanauliza bei tu. Panda basi na beseni lile lile mpaka stendi ya Mwanza, na wengi watasimama kwanza wakishangaa ni mizizi gani hiyo. Utamu haujapungua hata chembe.

Kwenye tovuti kubwa za hadithi hizi, kama Archive of Our Own ambayo wenyewe huiita AO3, Kiingereza kimetawala mno. Msomaji huchuja kwa lugha, kwa jina la katuni, kisha kwa wahusika anaowapenda. Anayekufikia wewe ni yule aliyetafuta katuni hiyo na pia anataka Kiswahili, na hao bado ni wachache. Kwa hiyo fanya mambo mawili. Majina ya wahusika kwenye tagi, yaani yale maneno ya kutafutia hadithi, yaandike kama yanavyoandikwa rasmi, ili anayewatafuta akukute. Halafu kipeleke kiungo cha hadithi yako kule wasomaji wetu waliko, kwenye makundi ya simulizi ya Facebook na WhatsApp, ambako watu husoma "sehemu ya kumi na nne" wakisubiri ugali uive.

Na kabla hujakata tamaa, tazama ni wangapi walioifungua. Kama ni hamsini, basi watatu kusimama na kusema neno ni wengi. Mimi ningefurahi.

Hadithi yangu ya sura ishirini AO3 imefunguliwa mara 900. Pongezi 31, komenti 4. Hao wengine walikuja kufanya nini? (Lindi mjini)

Walikuja kusoma, tena huenda hawakuwa watu 900. Hapa ndipo waandishi wengi wanajiumiza bure, kwa hiyo tuhesabu pamoja.

Msomaji mwaminifu anayerudi kila unapoweka sura mpya anaongeza idadi ya kufunguliwa kila akija. Lakini kitufe cha pongezi, kile cha Kudos kilichowekwa AO3 mwaka 2010, anaruhusiwa kukibonyeza mara moja tu kwa hadithi nzima. Akija siku ishirini kwa sura ishirini, ukurasa wako unaandika kufunguliwa mara ishirini na pongezi moja. Sasa gawa 900 kwa 20. Unapata 45. Inawezekana kabisa una wasomaji arobaini na tano hivi, na thelathini na mmoja kati yao wamekupongeza. Wewe uliona watu 869 wamekupita bila salamu!

Ndiyo maana pia usijilinganishe na mwenzako anayeandika Wattpad, tovuti nyingine ya hadithi. Kule nyota inatolewa kwa kila sura, na komenti unaweza kuiweka pembeni ya aya moja tu. Msomaji yule yule mmoja anaweza kuacha nyota ishirini na vicheko arobaini. Na hata ndani ya AO3 kwenyewe, idadi ya komenti inayoonekana chini ya hadithi inajumlisha na majibu ya mwandishi. Ukiona 80, huenda ni wasomaji arobaini walioandika na mwandishi mmoja muungwana aliyemjibu kila mmoja.

Kitu kimoja kikague leo hii: mipangilio ya maoni. Mwandishi anaweza kuamua kwamba wenye akaunti pekee ndio watoe maoni, na akaunti ya AO3 hupatikana kwa mwaliko, kwa kupanga foleni. Dada wa Nangurukuru anayesoma kwa simu ya kaka yake usiku hana akaunti. Anaweza kukupongeza, lakini neno lake umelifungia nje. Mimi niliacha mlango huo umefungwa miezi minane bila kujua. Siku niliyoufungua, komenti ya kwanza ilifika kabla ya Alfajiri, na mwandikaji alisema alikuwa amesubiri muda mrefu kuniambia jambo. Iliniuma, na bado inaniuma.

Nimemwingiza msichana wa kwetu, mjukuu wa mchonga vinyago, katika tamthilia ya Kikorea. Watu wanafungua sura ya kwanza, hawarudi. (Tandahimba)

Asante kwa kunitumia sura yenyewe. Nimeisoma mara mbili.

Anayefungua hadithi ya mashabiki amekuja kuwaona watu anaowapenda tayari. Kwa kawaida anatafuta jozi fulani, yaani wahusika wawili anaotaka wapendane, na hadithi yenye jozi inayopendwa na wengi huitikiwa hata ikiwa na makosa ya sarufi kila mstari. Msichana wako ni mgeni kwao. Mgeni huingizwa nyumbani na mwenyeji, na wewe umemleta peke yake: kurasa nne za utoto wake, ndipo shujaa wa tamthilia anatokea kwenye aya ya mwisho.

Geuza. Anza na shujaa huyo ameshuka kwenye basi Tandahimba siku ya mnada wa korosho, kapotea, jua limemkalia utosini, simu haina chaji. Tumwone binti kwa macho yake yeye. Kile kipande cha babu anayechonga mpingo mpaka weupe wa nje unaisha na weusi unatoka, usikiguse hata neno moja. Ni hapo msomaji atakapokuwa na kitu cha kusema. Watu hukomenti wanapopata mahali pa kushika, na pale pana pa kushika.

Nikianza kupandisha sura Septemba, Oktoba naingia shambani kuokota korosho na hadithi inakatika. Pia wenzangu Facebook husema "laiki 100 ndipo naachia inayofuata". Niwaige? (Masasi)

La kwanza lina dawa. Andika hadithi yote kipindi cha masika, uimalize, kisha uiachie kidogo kidogo. Orodha za AO3 zinamweka juu aliyeongeza sura karibuni, msomaji asipobadilisha mpangilio mwenyewe. Ukiweka sura kumi na mbili kwa mkupuo unakaa juu siku moja tu, halafu unazama. Ukiweka moja kila Ijumaa unarudi juu mara kumi na mbili, na kila mara unawapa watu nafasi mpya ya kusema. Kuna wasomaji pia ambao hawaigusi hadithi isiyokwisha, kwa sababu wameachwa njiani mara nyingi mno. Hao waambie mwanzoni kabisa: imekamilika, sura kumi na mbili, kila Ijumaa. Wakati wa korosho utahitaji dakika tano tu za simu jioni.

La pili, sikushauri. Najua linaleta namba. Nimeona sehemu moja ikipata "next" na "nipo" na "shusha vitu" mamia kwa mamia. Lakini hao wanalipa kiingilio. Komenti hamsini za namna hiyo zinakuambia watu wana arosto, na arosto ni jambo zuri. Hazikuambii ni sentensi gani iliyowatoa machozi wala ni wapi walichoka. Na yule anayeandika taratibu, anayefikiri kabla ya kusema, akiona zogo lile anakaa kimya. Huyo ndiye ungemtaka zaidi.

Niweke saa ngapi? (Nachingwea)

Inategemea wasomaji wako wako wapi. Wa hapa kwetu, baada ya Isha, shughuli zikiwa zimepungua. Ukiandika kwa Kiingereza kwa watu wa Marekani, saa tatu usiku yetu ni saa saba au saa nane mchana New York, kutegemea majira ya mwaka. Wengi wako kazini. Hilo lina uzito kwenye kundi kubwa la mashabiki, ambako orodha inasogea kila dakika. Kwenye kundi dogo usijisumbue, utabaki juu wiki nzima.

Mtu ameandika kwamba nimemharibu shujaa. Nifunge komenti? (Kilwa Masoko)

Usifunge. Tusi lifute, wala usione aibu. Ukurasa ni wako. Lakini "umemharibu" ya shabiki mara nyingi inatoka kwa aliyesoma mpaka mwisho na kuumia. Mjibu: ni wapi hasa? Wasomaji wengine wanatazama unavyojibu kabla ya kuamua kama nao waandike. Mwandishi anayeshukuru kwa jina na kujibu alichoulizwa, watu humrudia.

Mimi si mwandishi. Nasoma sana, sijawahi kukomenti hata mara moja. Naona haya, sijui niseme nini. Ni lazima? (Newala)

Si lazima, na sitaki usome kwa deni. Ila barua yako ndiyo nimeishika mkononi muda mrefu kuliko zote.

Bibi alipotuambia "hadithi hadithi", alinyamaza. Hakuendelea mpaka tuseme "hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea". Tukiitikia kwa uvivu, aliuliza kama tumelala. Kuitikia kwetu kulikuwa ndani ya hadithi, si pambo la mwishoni. Alipoona tumesogeleana kwa hofu, alilirefusha zimwi. Alipoona mdogo wetu anasinzia, alikatisha njia.

Mwandishi wa mtandaoni hana nyuso hizo mbele yake. Mashabiki wa tamthilia ya Star Trek kule Marekani walipoanza kuchapa magazeti yao ya hadithi mwaka 1967, msomaji aliyeguswa alikaa, akaandika barua, akanunua stempu, akaipeleka posta. Leo ni kidole kimoja, na wepesi huo nao umetuzoesha kubonyeza na kuondoka. Sikilaumu kitufe. Usiku ambao umechoka, kibonyeze, kinahesabika. Lakini hakimwambii mwandishi kama wewe ulicheka au ulilia.

Unasema hujui useme nini. Huhitaji kuchambua. Nakili sentensi iliyokusimamisha, uiweke kwenye alama za kunukuu, kisha useme ilikufanyia nini. Kwa Kiswahili, hata kama hadithi ni ya Kiingereza. Mwandishi atatafuta wa kumtafsiria, na hatakusahau. Usiogope kwamba hadithi ni ya miaka mitatu iliyopita. Komenti iliyonikuta jikoni nikalia juu ya sufuria ilikuwa kwenye hadithi ambayo mimi mwenyewe nilishaisahau.

Katika barua yako umeniandikia kwamba ulisoma sura moja ndani ya basi la Mtwara, ukapitilizwa kituo, ukatembea kurudi na mizigo huku ukiendelea kusoma. Hiyo hapo ndiyo komenti. Mpelekee mwenyewe, kama ulivyoniandikia mimi.