Insha yangu imeshinda: ushauri kwa wadogo zangu mnaokuja vyuoni Marekani

Wiki iliyopita yalitoka matokeo ya shindano la insha la idara yetu ya Africana, idara inayofundisha habari za Afrika na za watu wenye asili ya Afrika popote walipo duniani. Insha yangu imeshika nafasi ya kwanza. Nimefurahi sana, na sioni haya kusema hivyo. Tangu nitangaze habari hiyo meseji hazikomi, na mojawapo imetoka kwa kijana wa Morogoro anayekuja kuanza chuo huku: "Dada, hongera sana. Naomba unielekeze, hao majaji wanataka nini hasa?"

Mdogo wangu, wanataka kusoma kitu ambacho hawajawahi kukisoma. Jibu ni hilo tu. Wenzangu wengi darasani waliandika kuhusu Harlem, mtaa maarufu wa watu weusi kule New York, kuhusu Du Bois, msomi mweusi wa Marekani, kuhusu harakati za haki za kiraia. Ni mada nzito na nzuri, lakini majaji wanazipokea kila mwaka, tena kutoka kwa watu waliozaliwa nazo. Mimi niliamua kuandika kuhusu Dar es Salaam.

Juni 1974 ulifanyika Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika, yaani umoja wa watu weusi wa Afrika na wa ng'ambo, katika ukumbi wa Nkrumah, pale Chuo Kikuu, Mlimani. Wa Tano ulikuwa umefanyika Manchester mwaka 1945, kwa hiyo katika mfululizo ule huu ndio uliokuwa wa kwanza kufanyika kwenye ardhi ya Afrika. Mwalimu Nyerere ndiye aliyeufungua. Wamarekani weusi walikuja kwa wingi, na ukatawaliwa na ubishi mmoja mkali: tupiganie ukombozi kama watu weusi, au kama wanyonge wa dunia pasipo kuangalia rangi?

Baba yangu mkubwa alikuwa dereva wa basi lililobeba wajumbe. Habari hiyo niliisikia tangu utotoni, na nyumbani hakuna aliyeiona ni kitu. Nikampigia WhatsApp, nikamwamkia, nikamweleza ninachoandika na kumwomba ruhusa ya kumrekodi. Alianza na bei ya petroli ilivyopanda mwaka ule, nikamwacha aseme. Akaingia kwenye foleni za unga, nikamwacha tena. Ndipo akanipa jambo ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote nilichosoma: vikao vikifungwa jioni, wajumbe walikuwa hawapandi basi. Walisimama nje ya ukumbi wakiendelea kubishana, yeye amezima injini anawangoja, na wengine mpaka walikosa chakula cha jioni. Anakumbuka walivyogawanyika kwa makundi na nani alikuwa akisimama na nani. Insha yangu ilizaliwa hapo.

Rasimu niliipeleka kwa mtu mmoja mwenye cheo pale chuoni. Akaniambia mazungumzo na ndugu yako si ushahidi, ni hadithi za nyumbani, nikatafute nadharia. Inaniuma mpaka leo. Mtu aliyekuwepo pale, macho yake yanaona na masikio yake yanasikia, neno lake lisihesabiwe kwa sababu alishika usukani badala ya kalamu? Sikumtoa. Nilichofanya ni kumweka bega kwa bega na maandishi: maazimio na hotuba za mkutano zilizochapishwa Dar mwaka 1976 na Tanzania Publishing House, pamoja na magazeti ya siku zile. Yalipokubaliana nilisema, na yalipopishana nilisema pia, kwenye tanbihi. Majaji wameandika kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyowashawishi.

Kwa hiyo anza mapema, kwa sababu wazee wanahitaji muda, na nakala za magazeti ya zamani huagizwa kutoka maktaba nyingine. Soma masharti: idadi ya kurasa, na kama jina lako linatakiwa au limekatazwa kuonekana. Mpe mtu mwingine aisome. Na narudia, anza mapema.

Lakini masharti hayatakusaidia kama unaona aibu kwa kwenu. Nawaona wanafunzi wetu wakifika huku wanakimbilia kunukuu majina makubwa ya Ulaya ili waonekane wasomi, huku mashahidi wa historia wamekaa barazani kwao hawaulizwi neno. Idara hizi za Africana hazikuletwa na hisani ya mtu. Pale Chuo Kikuu cha San Francisco State wanafunzi waligoma kuanzia Novemba 1968 hadi Machi 1969. Pale Chuo Kikuu cha Cornell, Aprili 1969, walilishika jengo la Willard Straight, na mwaka huohuo kituo cha Africana kikaanza chini ya James Turner. Walichodai ni kwamba maisha ya watu wao yasomwe kama elimu. Ukimficha mzazi wako ili umfurahishe profesa, unayatupa madai yao.

Na mada bado zimejaa. Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alifika Dar Oktoba 1964. Pete O'Neal, aliyeongoza Black Panther, chama cha wanamapinduzi weusi, kule Kansas City, alihamia Tanzania mwaka 1972 na akaweka makazi Imbaseni, karibu na Arusha; majirani zake wana mengi ya kusema. Chukueni hizo.

Ya Same nimeshaichukua mimi kwa shindano la mwakani. Bob Moses, aliyekuwa akiwaandikisha watu weusi kupiga kura kule Mississippi, alikuja Tanzania mwaka 1969 na kufundisha hisabati katika sekondari ya Same hadi mwaka 1976. Nawatafuta wanafunzi wake. Kama baba, mama au babu yako alisoma Same miaka ile, niandikie, ila mwulize kwanza kama yuko radhi kuzungumza.