Fa na ti: noti mbili ambazo solo yako inazihitaji

Mpigaji mpya wa gitaa la solo akishaishika skeli ya pentatoniki huona kazi imekwisha. Noti ni tano tu, zote zinaelewana, na kwenye wimbo wowote wa ufunguo huo hakuna inayotoka nje kabisa. Baada ya miezi michache anakwama. Rithimu inatoka kodi ya G (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja), inakwenda C, inakwenda D, na solo imebaki palepale kana kwamba hakuna kilichotokea. Anayesikiliza hawezi kusema kosa liko wapi, lakini anachoka mapema.

Sababu yake inaeleweka vizuri zaidi kwa lugha ya wanakwaya. Pentatoniki ya meja ni do, re, mi, so, la. Haina fa wala ti. Ndiyo maana haikwaruzi sikio: fa iko nusu sauti (freti moja kwenye gitaa) juu ya mi, ti iko nusu sauti chini ya do, na mvutano wa muziki unakaa kwenye nusu sauti hizo mbili. Sasa zitazame kodi tatu zinazobeba nyimbo nyingi sana za dansi na za injili. Kodi ya kwanza, inayoanzia kwenye do, ni do-mi-so, na yote unayo. Kodi ya nne ni fa-la-do, na mzizi wake (noti inayoipa kodi jina), fa, huna. Kodi ya tano ni so-ti-re, na huna ti, noti inayoifanya kodi hiyo iwe meja na itamani kurudi nyumbani. Kwa maneno mengine, noti mbili ulizoziacha ndizo zinazotangaza kwamba kodi imebadilika.

Huhitaji kurukia skeli ya noti saba ili kuzipata. Badilisha noti moja tu. Kodi ya nne ikiingia, mi inapanda kuwa fa. Kodi ya tano ikiingia, do inashuka kuwa ti. Kwenye ufunguo wa G, yaani do ikiwa G, pentatoniki yako ni G A B D E. Juu ya C, kodi ya nne, pandisha B iwe C: unapata C D E G A, ambayo ni pentatoniki ya C yenyewe. Juu ya D, kodi ya tano, shusha G iwe F#: unapata D E F# A B, pentatoniki ya D. Skeli tatu kamili, na tofauti yake na ile ya nyumbani kila mara ni noti moja kwa freti moja.

Kwenye gitaa jambo hili ni jepesi kuliko linavyosomeka. Weka kidole cha shahada freti ya 2, cha kati freti ya 3, cha pete freti ya 4, kidole kidogo freti ya 5. Mkono hauhami tena. Uzi wa 6 ni ule mnene.

Uzi wa 6: freti 3 na 5 (G, A)
Uzi wa 5: freti 2 na 5 (B, D)
Uzi wa 4: freti 2 na 5 (E, G)
Uzi wa 3: freti 2 na 4 (A, B)
Uzi wa 2: freti 3 na 5 (D, E)
Uzi wa 1: freti 3 na 5 (G, A)

Hiyo ni ya G. Kwa C, noti zinazosogea ni mbili tu kwenye ramani nzima: uzi wa 5, freti 2 inakuwa 3, uzi wa 3, freti 4 inakuwa 5. Kwa D ni tatu: uzi wa 6 na uzi wa 1, freti 3 inakuwa 2, uzi wa 4, freti 5 inakuwa 4. Usiendelee mpaka uweze kupanda na kushuka kila moja bila kuangalia mkono. Wengi huruka hapa, kisha wanadhani tatizo lao ni sikio, kumbe vidole havijui njia.

Rekodi rithimu kwenye simu: G baa mbili, C baa mbili, D baa mbili, G baa mbili, mapigo manne kila baa, metronomu kwenye 70. Irudie kwa dakika tatu au nne. Kwanza usipige solo kabisa. Piga noti moja tu kila kodi inapoingia, kwenye pigo la kwanza, uiache ilie. Kwenye uzi wa 3 piga B, C, A, B (freti 4, 5, 2, 4). Kisha kwenye uzi wa 1 piga G, G, F#, G (freti 3, 3, 2, 3). Utashangaa: noti moja kwa kila kodi, na tayari unausikia wimbo unatembea. Kama huusikii, rithimu yako imerekodiwa kwa sauti ya chini mno, au besi haisikiki. Rekodi upya, maana zoezi hili linategemea usikie mzizi wa kodi.

Ukishazizoea, zifanye kuwa vituo. Anza kifungu kwenye pigo la pili, tumia noti zozote za skeli ya kodi iliyopo, na ufike kwenye kituo pigo la kwanza la kodi inayofuata. Kisha nyamaza kidogo. Kunyamaza ni sehemu ya zoezi, kwa sababu wakati huo ndipo unapojiuliza kodi gani inakuja.

Kosa la kwanza utakalolifanya ni kuchelewa. Kodi ya D imeshaingia, wewe bado umeing'ang'ania G. Rithimu inalia F#, wewe unalia G, nusu sauti juu yake, na mgongano huo unasikika mpaka nje ya ukumbi. Ikipita haraka haina shida; ikishikiliwa mapigo mawili inaumiza. Ukijikuta hapo usiruke kwenda mbali. Ishushe G freti moja tu, ifike F#, na kosa litasikika kama ulilikusudia. Kosa la pili ni kinyume chake: kodi imerudi G na wewe bado umebeba C. Fa iliyoshikiliwa juu ya do-mi-so ni mbaya kuliko makosa mengine yote ya somo hili. Iteremshe kwenda B. Ukibaki na F# juu ya G si hatari sana, ina utamu wake, ila mzee wa kwaya atakukazia macho.

Jingine ni kubadilisha skeli kama mtu anayebadilisha gia, kila kodi kifungu kipya kabisa, kila kodi kuanzia kwenye mzizi wake. Hapo solo inakatikakatika. Chukua kifungu kimoja ukihamishe. Mfano: D, E, A, G, yaani uzi wa 2 freti 3 na 5, uzi wa 1 freti 5 na 3. Kipige hivyo hivyo juu ya G, kipige hivyo hivyo juu ya C, na juu ya D badilisha noti ya mwisho tu: D, E, A, F#. Kifungu ni kilekile, msikilizaji anakitambua, na bado kila mara kimetua ndani ya kodi. Wapigaji wazuri wa sebene hujenga hivi dakika nzima bila kuchosha mtu.

Kama mwenye rithimu anapiga D7 badala ya D, una ruhusa ya kuipiga C pia, kwa sababu kodi hiyo ina F# na C pamoja. Muulize kabla ya kuanza.

Kwenye maina (yenye alama ya m, kama Am) kanuni haibadiliki. Am, F, C, G ni mzunguko unaoupata kila mahali. Kaa kwenye pentatoniki ya Am, freti ya 5: noti zake A C D E G ni zilezile za C, kwa hiyo kodi mbili tayari unazo. Juu ya F pandisha E iwe F (uzi wa 5, freti 7 kwenda 8, uzi wa 2, freti 5 kwenda 6). Juu ya G shusha C iwe B (uzi wa 3, freti 5 kwenda 4, uzi wa 6 na wa 1, freti 8 kwenda 7). Dm inatumia skeli ileile ya F, na Em ileile ya G, hivyo kodi sita za ufunguo huo zinahitaji skeli tatu tu. Inayokuja na sheria yake ni E7: hapo C inakuwa B, na G inapanda kuwa G# (uzi wa 4, freti 6). Ukiiacha G ilie juu ya E7 mvutano wote wa kurudi Am unapotea.

Bluzi ya A7, D7, E7 ni nyumba nyingine, lakini mlango unafanana. Kwenye pentatoniki ya Am, uzi wa 3, pandisha C freti 5 iwe C# freti 6 juu ya A7, kisha irudishe C pindi D7 inapoingia.

Mwendo ukiwa wa kasi na kodi zinabadilika kila mapigo mawili, hutaweza kuzifuata zote, wala usijaribu. Chagua. Juu ya kodi ya nne unaweza kubaki nyumbani ukatua kwenye la au do bila aibu. Kodi ya tano ndiyo ya kuwahi: fa ukiikosa haina neno, ti uidake. Panda kutoka 70 kwa hatua za tano tano, na ukiikosa ti mara mbili mfululizo rudi hatua moja nyuma.