Familia imeongezeka, mwenye nyumba anataka kuongeza kodi

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nimepanga chumba na sebule Pasua, hapa Moshi, kwa shilingi 70,000 kwa mwezi, na nimeshalipa ya miezi sita. Tuliingia mimi na mke wangu. Mwezi wa pili mke akajifungua mapacha, mama mkwe akaja kumlea. Sasa mama mwenye nyumba anataka niongeze 20,000 kila mwezi kuanzia mwezi huu, anasema watu tumekuwa wengi. Dini inampa haki hiyo? Nikigoma nakuwa dhalimu?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullaah. Allah awakuze mapacha hao katika twaa yake.

Kodi uliyokwisha kuilipa haiongezwi. Kupangisha nyumba ni ijara, na ijara inawafunga wote wawili mkishajua ni nyumba gani, kwa bei gani, kwa muda gani. "Enyi mlioamini! Timizeni mikataba," ndivyo inavyoanza Suratul Maida. Miezi sita ikiisha, mama ana uhuru wake: anaweza kutaka 90,000 hata mngekuwa bado wawili, nawe ukubali au uhame. Wala serikali haimpangii bei. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Wapangaji wengi hudhani dini imeweka kiwango cha kodi. Haikuweka.

Ila mlipokubaliana, alikuambia nyumba ni ya watu wawili tu? Kama alisema nawe ukaitikia, Waislamu wako kwenye masharti yao, yaani hufungwa na walichokubaliana, na ulipaswa kumweleza hali ilipobadilika. Kama hakusema, tunarudi kwenye desturi, na desturi ni kwamba mtu hukaa na mkewe na wanawe. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya dini, wa zamani walimruhusu mpangaji kuishi na watu wake, wakamkataza kumweka humo mhunzi au msagaji, kwa kuwa kazi zao huharibu jengo. Walichokitazama ni usalama wa nyumba. Mapacha wachanga hawabomoi ukuta. (Ungekuwa umempangisha shemeji yako sebule, ningekujibu vingine kabisa.)

Lipo jambo moja ambalo mama huyo ana haki nalo, na nashuku ndilo linalomuuma: maji na umeme. Nyumba zetu nyingi za uani mita ni moja, bili ya maji hugawanywa kwa vyumba, LUKU mnachangishana. Nepi za watoto wawili zinafuliwa kutwa, ndoo baada ya ndoo, na usiku maji yanachemshwa kwa jagi la umeme. Jirani anayeishi peke yake chumba cha pili anachanga sawasawa na wewe. Hapo nakuhofia wewe, maana Suratun Nisaa aya ya 29 inakataza kula mali ya mwenzio kwa batili. Na shimo la choo likijaa mapema, gari la kunyonya asiachiwe mama peke yake.

Basi mfuate wewe, asikusubiri mlangoni. Mwambie kodi ibaki hadi miezi yangu iishe, lakini maji na umeme tuhesabu kwa vichwa. Wachanga mtaelewana, mimi ningewahesabu wote wawili kama mtu mzima mmoja, kwa ajili ya hizo nepi.

Akitishia kukutolea vyombo nje, usijibizane naye uani. Nendeni kwa wazee wa msikiti au mwenyekiti wa mtaa, na ikishindikana Baraza la Ardhi na Nyumba lipo. Risiti yako iwe mkononi. Kama hukuandikiwa, mwombe akuandikie leo, kabla ya kuzungumzia hilo la 20,000.

Mama mkwe aliyekuja kulea mzazi ni mgeni, hata zikipita siku arobaini kidogo. Akiamua kubaki moja kwa moja, mwarifu mwenye nyumba kabla ya kulipa kodi mpya, apange bei yake akijua ndani mko wangapi.

Wallaahu a'alam.