Macho ya manjano bila maumivu: tuliyoyapitia na baba mkubwa

Dada uliyeuliza kuhusu mama yako, pole sana. Umesema ana miaka 62, macho yamekuwa ya manjano, ultrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, na ndugu wanabishana kama mumpeleke Mulago, hospitali kuu ya rufaa jijini Kampala, au mumrudishe kijijini akanywe mitishamba. Nakusihi mumpeleke Mulago, tena wiki hii.

Baba mkubwa wangu wa Bombo, aliyeugua saratani ya kongosho, alianza kwa kujikuna. Usiku kucha alijikuna mpaka ngozi ikatoka damu. Mkojo ukawa kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe kama majivu. Homa hakuna, maumivu hakuna. Zahanati moja ikampa dawa za malaria, kisha za taifodi. Majirani wakasema ni enkaka, yaani homa ya manjano ya macho kwa Kiganda, wakaleta mululuza, majani machungu ya mitishamba. Wiki tano zikaenda hivyo, na mpaka leo zinaniuma.

Baadaye daktari alituchorea kwenye karatasi. Kongosho limelala nyuma ya tumbo la chakula, na mrija wa nyongo hupenya kichwa chake kabla ya kuingia kwenye utumbo. Uvimbe ukiota hapo, mrija hubanwa. Nyongo hurudi kwenye damu, ndiyo manjano na muwasho. Utumboni haifiki, ndiyo choo cheupe. Ukiota upande wa mkia wa kongosho haubani mrija, kwa hiyo hugunduliwa umechelewa zaidi, mara nyingi kwa maumivu yanayochoma hadi mgongoni. Akatuuliza pia kuhusu kisukari. Kweli, mwaka uliotangulia mzee alikutwa na kisukari huku anakonda, na hakuna aliyeshtuka.

Sasa vipimo. Ultrasaundi huonyesha kwamba mrija umevimba, lakini picha ya kuamulia ni CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha tumbo vipande vipande, yenye dawa ya kung'arisha picha inayopigwa mshipani. Ombeni ifanywe kabla mama hajawekewa stenti, yaani kibomba cha kuufungua mrija, kwa sababu stenti huvuruga picha. Kipimo cha damu cha CA 19-9, kinachotafuta dalili ya saratani, kisiwatie hofu peke yake: hupanda hata mrija ukizibwa na jiwe tu, na wapo wagonjwa wa saratani ambao kwao hakipandi kabisa. Kinyama kinachochukuliwa kwenye uvimbe kupimwa maabara ni lazima kabla ya kemo, yaani dawa za kuua saratani. Kabla ya upasuaji, si kila mara.

Uliuliza kama atapasuliwa. Jibu limo kwenye mishipa mikubwa ya damu iliyo jirani na kongosho. Uvimbe ukiwa haujaizingira wala saratani haijafika kwenye ini, upo upasuaji wa Whipple: huondolewa kichwa cha kongosho, duodeni (mwanzo wa utumbo mdogo), kibofu cha nyongo na sehemu ya mrija, kisha viungo vilivyobaki huunganishwa upya. Ni kazi ya saa nyingi, inataka daktari aliyeizoea. Wanaokutwa bado wanafaa kupasuliwa ni kama 15 hadi 20 katika kila 100, na wengi wao hupewa kemo pia. Baba mkubwa hakuwa miongoni mwao. Mshipa ulikuwa umeshazingirwa.

Hata hivyo hatukurudi nyumbani mikono mitupu. Aliwekewa stenti kwa endoskopi, mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni, na siku chache tu baadaye muwasho ukaisha, akalala. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyopo Mulago tangu 1967, ikamwanzishia jemsitabini, dawa ya kemo: mara moja kwa wiki, wiki tatu, kisha anapumzika wiki moja. Haikumponya. Ilimpa miezi ya kukaa barazani na wajukuu, na kwangu hiyo si kitu kidogo.

Maumivu yalipokuja, nilikosea kuogopa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu. Nilidhani ni dawa ya siku ya mwisho. Hospice Africa Uganda, shirika la kuwahudumia wagonjwa mahututi, wanatoa mofini ya maji tangu 1993, na hapa kwetu hata wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa kuiandika. Mzee alipoanza kuinywa alikula, akaswali ameketi, akacheka. Ombeni na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, maana mofini hufunga tumbo.

Majibu ya CT yakitoka, tafuta palipoandikwa kuhusu mishipa na ini, uyaandike hapa. Nitakuambia maswali tuliyopaswa kumuuliza daktari wa upasuaji siku ile ya kwanza.