Mkuu, ufunguo wa chumba cha kubadilishia nguo mpe mtu asiyekuja uwanjani

Nimesoma ulichoandika usingizi ukaniruka. Unasema timu yenu inarudi uwanjani Jumamosi na korona haijaisha, kipimajoto cha paji la uso mmeshanunua, vitakasa mikono vipo, sasa unauliza mipira ifutwe kwa dawa gani, mazoezi ya kurudisha pumzi yachukue wiki ngapi, na wachezaji wasaini fomu ipi. Halafu mwishoni kabisa, kama jambo dogo, unaandika: "tutapeana maelekezo chumbani kwanza." Hapo hapo mkuu. Hapo ndipo sisi tulipoumia.

Nilikuwa katibu wa timu. Tulikaa miezi minne bila kugusa mpira. Siku ya kurudi nilisimama getini mwenyewe, nampima kila anayeingia, naandika daftarini: 36.4, 36.6, 36.5. Mipira tuliifuta mmoja mmoja. Hakuna kubadilishana bibu, vile vizibao vya mazoezi, kila mtu na chupa yake ya maji. Dakika ya sitini mvua ikashuka, tukakimbilia chumba cha kubadilishia nguo watu ishirini na mmoja, na madirisha tukayafunga maana maji yalikuwa yanaingia.

Tulikaa humo kama dakika arobaini. Watu hawajaonana miezi minne, unadhani walinyamaza? Walicheka, waliimba, na kocha ikabidi apaze sauti kuishinda mvua ili achambue kipindi cha kwanza. Barakoa zilikuwa zimetundikwa kwenye misumari ukutani, juu ya jezi zilizolowa. Nikifumba macho ninaziona mpaka leo, na ile ya bluu iliyokatika kamba.

Kesho yake jioni beki wetu wa kushoto akanipigia simu kwamba ana homa. Nikafungua daftari: 36.5. Wiki haikuisha wakawa wameugua tisa, na waliougua wakaipeleka nyumbani. Baba wa mmoja wao alilazwa wiki tatu akiwa kwenye oksijeni. Alitoka, Mungu ni mwema, lakini akipanda ngazi anasimama katikati ashike ukuta. Nilipokwenda kumjulia hali hakunilaumu, aliniuliza tu timu inaendeleaje. Sikuwa na la kumjibu.

Na aliyetupotosha simsahau. Tulimwita jamaa atupe semina kabla ya kurudi, akaja na karatasi ndefu, na karibu yote ilikuwa ni kufuta vitu: mipira, milingoti ya goli, mpaka bendera za kona. Nilimuuliza mbele ya watu kuhusu chumba. Akasema mkishapima joto getini, waliopita ni wazima. Wazima! Wakati huo ilishajulikana kwamba mtu anaweza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajasikia dalili yoyote. Kipimajoto kinakuambia nani ana homa saa hiyo, basi. Kama hujui kitu sema hujui, usisimame mbele ya watu na kipaza sauti ukawapa uhakika usio nao.

Wala si sisi peke yetu. Tarehe 16 Juni 2020, kule eneo la Tampa Bay, Florida, ilichezwa mechi ya hoki ya barafu ukumbini, wachezaji 22. Siku chache baadaye 14 kati yao wakaugua, pamoja na mfanyakazi mmoja wa ukumbi. Yule aliyedhaniwa kuwa chanzo aliingia kucheza akiwa hana dalili, akaugua kesho yake, kama beki wangu. Korea Kusini nako, mapema mwaka huo huo, watu 112 waliambukizwa kutokana na madarasa ya mazoezi ya dansi kwenye vyumba vidogo vilivyojaa watu wanaohema. Ubaya uko kwenye hewa ya ndani mkuu. Ngozi ya mpira ni jambo dogo mno mbele ya hilo. Ifuteni kwa maji na sabuni mwendelee na mengine.

Kwa hiyo sheria ni moja: hakuna kukaa chini ya paa. Mchezaji aje ameshavaa jezi, acheze, aondoke akaogee kwao. Maelekezo kocha atoe pale uwanjani watu wakiwa wameachana nafasi, au ayatume kwenye simu usiku wa kuamkia mechi. Mvua ikinyesha mechi imekwisha, na hilo waambie leo, si Jumamosi wakiwa wameshalowa na kila mtu anakuangalia wewe. Gari nalo lina paa: watu watano na vioo juu ni chumba kile kile, kidogo zaidi. Choo aingie mmoja mmoja, dirisha wazi.

Pumzi rudisheni polepole. Hata ligi kubwa zilirudi miili haijakaa sawa, ndiyo maana Mei 2020 ziliruhusiwa kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu. Nyinyi badilisheni hata kumi, mradi anayetoka akae benchi la nje. Asiende "kupumzika ndani kidogo". Hilo neno kidogo lisikudanganye.

Na ufunguo wa chumba mpe mtu ambaye Jumamosi hatakuwepo. Wangu ulikuwa mfukoni, na mvua ilipoanza nikautoa bila kuombwa.