Mkono unauma, na piano sijapata kuigusa

SWALI: Shikamoo Maalim. Nina miaka 17, naishi Wete. Tangu nina miaka 12 napiga kinanda cha umeme kwenye kikundi cha taarab cha mtaani kwetu. Kaka yangu alinionesha kwenye simu mwanamke amekaa mbele ya piano, okestra imeshaanza, mara akashika kichwa kama aliyepokea habari ya msiba, akawa anasema na yule anayeiongoza. Kisha akapiga, bila karatasi, mpaka nikalia. Tangu siku ile sina jengine moyoni. Piano yenyewe sijapata kuigusa. Baba anasema hiyo si kazi ya kumlisha mtu. Usiku nafanya mazoezi kwa spika za masikioni mpaka mkono wa kulia unauma. Nimeshachelewa? Na watu wale wanaishi vipi?
Mwenye Hamu, Wete

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na mkono, hayo mengine yatasubiri.

Kuanzia leo usipige juu ya maumivu. Leon Fleisher, Mmarekani, alikuwa miongoni mwa wapiga piano wakubwa wa enzi yake. Mwaka 1964 kidole cha pete na kidole cha mwisho cha mkono wake wa kulia vikawa vinajikunja vyenyewe. Badala ya kuupumzisha mkono alizidisha mazoezi, nao ukazidi kuharibika. Kwa miaka mingi jukwaani akabaki na vipande vya mkono wa kushoto peke yake, kama konseto, yaani kipande cha mpiga mmoja akishirikiana na okestra, ambayo mtunzi Ravel alimwandikia mpiga piano Paul Wittgenstein, aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Sisemi una ugonjwa huo. Nasema piga nusu saa, inuka, katazame chungu jikoni, halafu rudi. Yakiendelea wiki nzima, mwambie mama akupeleke hospitali. Na hiyo sauti usiiteremshe mno. Wanafunzi wangu wakiiteremsha, vidole hugonga kwa nguvu kuitafuta sauti waliyoizima wenyewe.

Yule uliyemwona, kwa maelezo yako, ni Maria João Pires wa Ureno, akiwa Amsterdam mwishoni mwa miaka ya 1990. Alikuwa amejitayarishia konseto nyengine ya mtunzi Mozart. Okestra ilipoanza ndipo akatambua kwamba siyo ile aliyojitayarishia, na watu wameshakaa kitako. Utangulizi wa okestra ulikuwa dakika mbili na kitu tu. Riccardo Chailly, aliyekuwa akiongoza, akamtia moyo bila kuisimamisha okestra, na zamu yake ilipofika akaingia. Kilichomwokoa ni kwamba kipande kile alishakipiga zamani, kikamkaa. Ndiyo maisha yao hayo, mwanangu. Saa moja unayoiona wewe imetanguliwa na maelfu ya saa za mtu mmoja chumbani, anarudia mistari minne polepole mpaka mkono uijue hata akili ikishtuka.

Kuchelewa: sitakudanganya. Martha Argerich wa Argentina alipiga konseto mbele ya watu akiwa na miaka 8, na mwaka 1965, na miaka 23, alishinda mashindano ya piano ya Chopin kule Warsaw, Poland. Mashindano hayo huwa kila baada ya miaka 5, na wanaoingia ni vijana wasiozidi miaka 30 au karibu na hapo, wengi wao wameanza kabla ya kujua kusoma. Njia hiyo imekupita. Kupiga vipande hivyo hivyo vizuri, mbele ya watu, hakujakupita hata kidogo, maana sikio umeshalipata kwenye taarab, na sikio ndilo linalonitesa kuwafundisha wengine.

La piano kutokuwepo nalijua. Mpiga piano Dang Thai Son alizaliwa Hanoi, Vietnam, mwaka 1958. Vita vilipopamba moto, skuli yao ya muziki ikahamishiwa vijijini, na piano ilikuwa mbovu na ya kusubiriana. Mwaka 1980 akawa mtu wa kwanza kutoka Asia kushinda huko huko Warsaw. Kweli, mama yake alikuwa mwalimu wa piano, na hilo si jambo dogo. Lakini fikiri: mpiga udi hulala na udi wake, mpiga piano husafiri mikono mitupu. Akifika mji mgeni hupewa iliyopo, nzito au nyepesi, na ana saa chache tu za kuizoea. Aliyejifunzia piano mbovu hiyo kazi ameianza mapema.

Baba hajakosea kuuliza. Wale hulipwa kwa onyesho. Ukiumwa, hulipwi. Wakala hukata fungu lake, na wanaoishi kwa jukwaa peke yake ni wachache mno, walio wengi hufundisha. Mwambie baba kwamba mimi pia nimelea watoto kwa kufundisha na kutengeneza piano, hapa hapa Unguja.

Jana nilifungua moja Vuga. Ina vibao 88 na nyuzi zaidi ya 200, nusu zimeshika kutu ya hewa ya bahari. Kibao cha noti ya Do ya katikati ukikibonyeza hakirudi: kile kitambaa chekundu cha ndani ya tundu lake kimevimba kwa unyevu wa masika. Nikakibana taratibu kwa koleo, nikaacha taa ndogo inawaka chini kwenye sanduku.

Likizo ukivuka kuja Unguja na mkubwa wako, uliza chuo cha muziki cha nchi za jahazi (Dhow Countries Music Academy), kilichoanza mwaka 2002. Wanaofundishwa qanuni na wanaofundishwa piano wanapishana mlango mmoja. Huku nyuma jifunze kusoma noti, mstari mmoja kwa siku. Kucha uzikate, hina haina taabu. Kisha niandikie kupitia jarida hili, uje uijaribu piano ya Vuga. Do yake itakuwa imeshakauka.